Moto wa Kuombana

Siku hizi jiko haliwaki mpaka rafiki akurushie moto kwenye mchezo wa simu, na ndugu wa nyumba moja hahesabiwi rafiki. Watu wanaupenda mchezo huo kufa. Moto ukiingia jikoni unacheka kwa sauti ya aliyeutuma, na majirani wote wanasikia nani anapendwa.

Mwanahawa ana haya, hajawahi kuomba. Lakini asubuhi hiyo mama yuko kazini, mdogo wake analia njaa, na unga wa uji bado mkavu. Akajikaza, akampigia Semeni wa darasani kwao.

"Nirushie moto, shoga."

"Niletee mchezaji mpya kwanza. Vya bure vimekwisha, bibie!"

Mtaa mzima ulishaingia mchezoni, isipokuwa bibi yake, mwenye jiko la zamani chumbani, la kutosha birika tu, lisilomuuliza mtu kitu. Mwanahawa akampelekea simu.

"Bibi, weka kidole hapa uone picha."

"Picha ya nani, mjukuu wangu?" Akaweka.

Jiko la mama likawaka papo hapo, likicheka kicheko cha Semeni. Uji ukaiva, mtoto akanyamaza.

Jioni bibi akatokea mlangoni na birika mkononi, maji baridi.

"Mwanahawa, jiko langu leo linaongea. Linaniuliza rafiki yangu nani."

"Ukalijibuje?"

"Nimelitajia wote. Bi Mize, Bi Kibibi, Somoe. Linasema niwaombe moto."

Mwanahawa akainamisha kichwa. Alishakula ubwabwa wa matanga yao wote watatu.