Uzi wa Zambarau

“Nionyeshe mume wangu analala wapi humu—”

“Dada, sikiliza kwanza—”

“Sisikilizi. Nionyeshe.”

“—unanipigia kelele mlangoni na mimi nina sare arobaini za shule hazina mikono.”

“Sare zako zinanihusu nini?”

Mume mwenyewe, mwoka mikate, alisimama katikati yao, unga bado viwikoni. Alikuwa ametoka zamu ya usiku. Hakujua kwamba mkewe amemnyatia kutoka geti la kiwanda mpaka hapa.

Mke alikuwa na ushahidi wake. Mume alipohamishiwa zamu ya usiku, yeye, kwa mapenzi tu, alitoa cherehani yake aliyoikanyaga kila usiku miguuni pa kitanda miaka kumi na moja, akaenda kubanana na washonaji wenzake kibandani, ili mtu alale mchana kwa raha. Mtu hakulala. Miezi minne alijigeuza kitandani kama anatafuta kitu alichokiangusha. Daktari akasema pazia jeusi; likawekwa. Chai ikapigwa marufuku. Simu ikafungiwa kabatini. Wapi.

Halafu, wiki tatu sasa, anarudi nyumbani saa nane mchana anapiga mluzi, shavuni ana alama za mto. Jana kola yake ilikuwa na uzi wa zambarau, na mke hajawahi kushonea rangi hiyo.

Aliingia bila kukaribishwa. Kweli, godoro lilikuwepo, nyuma ya cherehani.

“Alifuata makoti ya kiwandani, akasinzia kwenye benchi,” alisema yule dada, fundi cherehani. “Nikamwonea huruma, nikamtandikia.”

“Huruma. Na akishalala, wewe unafanya nini?”

“Nashona.”

“Unashona. Unaniona mimi mtoto?”

“Ndiyo hivyo, mama watoto,” mume alisema. “Nalala tu.”

“Wewe nyamaza, zamu yako inakuja.”

Fundi alichoka nao. Aliketi, akaanza kukanyaga pedali. Sare hazingojei ndoa ya mtu.

Mke ndiyo kwanza alikuwa anashika kasi. Alishamaliza lawama za pazia, anaingia za chai, alipogundua kwamba hajibiwi. Mume alikuwa amekaa ukingoni mwa godoro, kidevu kifuani, anakoroma kwa adabu.

Fundi aliacha kukanyaga ili akate uzi. Mume akashtuka, macho yakafumbuka.

Pedali ikaanza tena. Macho yakajifumba.

Mke aliutazama mguu wa yule dada. Mguu mwembamba, kucha zimepakwa rangi, unakanyaga taratibu, bila haraka yoyote, kama vile umeolewa. Wivu ukampanda upya, mkali kuliko ule aliokuja nao.

Akaweka mkoba wake chini. Akavua viatu.

“Dada,” alisema, kwa sauti ya chini, “naomba unipishe kwenye hicho kiti.”