Ndama wa Nyani

Zamani zile wanyama walipokuwa wakiendesha malori, Nyani alikuwa na ng'ombe mmoja mwenye mimba. Kamba alikuwa nayo, ila uvivu ulimzidi. "Nitamfunga kesho," alisema kila siku.

Asubuhi moja ng'ombe akaenda kusimama katikati ya barabara, akawa anacheua. Kiboko alikuwa anakuja na lori la nyanya. Akakunja usukani ili asimgonge, lori likatumbukia mtaroni, na nyanya zikawa rojo.

Kiboko akatoka, mwekundu toka masikioni hadi mkiani. "Huyu ng'ombe wa nani?" akanguruma. "Mwenyewe aje alitoe lori langu!"

Nyani akauchungulia mtaro. Mgongo ukaanza kumuuma kabla ya kazi. "Mimi simjui, mzee wangu," akasema. "Ng'ombe mwenyewe mbaya hivi, nani amtake?"

Hakimu Korongo akaitwa. Akamuuliza kila aliyekuwapo, na wote wakakana. Nyani akaapa kwa mkia wake.

"Basi, hana mwenyewe," akasema Korongo. "Pole, Kiboko. Utalisukuma mwenyewe."

Nyani akashusha pumzi. Papo hapo ng'ombe akalala chini, akazaa ndama wawili.

"Mapacha!" Nyani akaruka, akawakumbatia. "Jamani, ndama wangu!"

"Wako?" akauliza Korongo. "Si mama yao humjui?"

"Simjui vipi, na nimemlisha miezi yote tisa!"

Kiboko akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Hongera, baba mapacha," akasema Korongo. "Sasa shuka mtaroni usukume."