Nta ya Kiambere

Tangu apigwe na kiharusi, Wamuyu hakuwa amesikia kitu kwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Kilisogea, lakini kama kidole cha mtu mwingine. Hata hivyo alikuwa ameahidi watoto wa mtaa wao wa Dallas kile kiinimacho chake cha zamani, karata mbili zinazoshikana kama moja kisha zinaachana.

Gundi ya shuleni ilirarua karata. Seloteipu ililia kila zilipoachana. Mumewe akatoa kipande cha nta alicholetewa na mrina asali wa Kiambere, akakilainisha kiganjani, akapaka kidogo mgongoni mwa karata.

"Jaribu hii, mama. Sukuma na gumba, pole pole."

Wamuyu akasukuma. Karata ya juu ikakataa kidogo, kisha ikateleza.

"Inanata," akasema.

"Nimeona. Hii ni nzuri kuliko gundi."

"Mimi sikuwa naangalia." Macho yake yalikuwa dirishani, kwa nguo za jirani zilizoanikwa. "Nimeisikia na kidole."

Mumewe akatazama kile kidole, nta ikimyeyukia mkononi.

Wamuyu akafumba macho, akanyoosha ule mkono.

"Paka ingine," akasema. "Na usiniambie umepaka wapi."