Maumivu ya Kawaida

"Maumivu yakoje, mzee?" daktari aliuliza.

"Ya kawaida tu," mume wangu alijibu, huku ameng'ang'ania ukingo wa kiti mpaka kucha zikawa nyeupe.

Nilishindwa kunyamaza. "Daktari, usiku anang'ata mto ili watoto wasimsikie."

Mume wangu akacheka. "Huyu nikipiga chafya tu, ananichimbia kaburi!"

Daktari naye akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. Akamwandikia vidonge vilevile, akatugeuzia mgongo kwenda kunawa mikono.

Ningesema nini tena, ikiwa mwenye mwili mwenyewe amekana?

Nikasimama. Yeye hakusimama. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni.

"Mama watoto," alininong'oneza, "niinue. Upesi, kabla hajageuka."