Masikio ya Kimeli

Vizibo vya kwanza Cheruto alivitia masikioni mwake mwenyewe, kisha akamwomba muuzaji apige drum iliyokuwa mlangoni mwa duka. Apige kwa nguvu, bila huruma.

Nerima, muuzaji, hakuhitaji kuombwa mara mbili. Wapita njia waligeuka kutazama. Cheruto akavitoa vile vizibo, akatikisa kichwa.

"Hizi za sponji zinaziba kila kitu. Ni kama nimeingia ndani ya godoro."

"Hizo ni za watu wa kusaga unga posho mill, madam," Nerima akasema. "Mpiga drum akivaa hizo hajisikii, so anagonga hata zaidi. Anaumiza mkono bure. Chukua hizi za silicone, ziko na filter. Kelele inashuka, lakini mtu akimwongelesha bado anasikia."

"Akimwongelesha," Cheruto alirudia, uso ukamshuka.

Aliyenunuliwa vizibo alikuwa Kimeli, mumewe, ambaye alisimama kando akiangalia gitaa zilizotundikwa ukutani, akiwa amewapa mgongo. Alikuwa mpiga drum wa bendi inayowachangamsha walaji wa nyama choma kule Kikopey, na tangu Krismasi masikio yake yalikuwa yamegoma. Cheruto angemwita kutoka jikoni, kimya. Angemwita wakiwa meza moja, kimya. Siku hizi alimwonyesha kwa mkono tu: chakula hiki hapa, funga mlango. Binti yao, Chelagat, ndiye pekee aliyejua kumfikia. Angempanda mapajani, amnong'oneze sikioni, na baba mtu angecheka. Cheruto alidhani ni pumzi za mtoto zinamtekenya.

Mbele za watu alizilaumu spika mpya za bendi. Moyoni alijua pa kuitupa lawama. Kimeli alipotaka kununua vizibo mwaka jana, yeye mkewe ndiye aliyemcheka: mwanaume mzima anaogopa kelele anazozipiga mwenyewe? Na ngoma hizo hizo ndizo zilizomsomesha ualimu.

Kulikuwa na baya zaidi, ambalo hakumwambia hata mchungaji. Walimu wenzake waliamini mumewe ni injinia huko Olkaria, kwenye mitambo ya umeme. Ni nani aliyewaambia, hakuna haja ya kuuliza. Shule zilipofungwa Desemba, wakaamua kwenda kula nyama. Cheruto alipendekeza Rongai, akapendekeza Njoro, akasingizia hata tumbo. Wakaenda Kikopey.

Bendi ilikuwa jukwaani. Kimeli alipomwona mkewe alitabasamu mpaka ufizi ukaonekana. Valarie, naibu wa mwalimu mkuu, akaliona tabasamu hilo.

"Huyo wa drum anakuangalia sana. Unamjua?"

Cheruto alimkana. Alimkana akiwa na ubavu wa mbuzi mkononi, meza ya kwanza kutoka jukwaani, wimbo ukiwa unaelekea kuisha. Akawakumbusha wenzake yeye ni mke wa nani, akaongeza na kicheko ili uongo ushike vizuri. Tangu siku hiyo aibu haikumwacha. Kitu kimoja tu kilimpa afueni: zile kelele zote. Kimeli hakusikia. Alirudi nyumbani, akala, hakuuliza kitu.

Angeombaje msamaha kwa kosa ambalo mkosewa halijui? Alishajaribu mara nyingi, na kila mara aliishia kumwonyesha chakula kwa mkono. Basi angalau angemtafutia vizibo bora kuliko vyote mjini Nakuru, vimwokolee usikivu uliobaki, bendi isije ikamfukuza. Hilo aliliweza.

"Nipe hizi za silicone," akasema.

"Ngoja kwanza, madam. Hizi zinalinda tu, hazirudishi kitu. Kama masikio yalishaenda, hapo ni hospitali, si mimi. Wacha nimpime kidogo."

"Utampimaje na hasikii?"

"Ile njia yetu ya hapa tu. Nasimama nyuma yake, nafunika mdomo, nanong'ona. Wapiga drum wote wakikuja nawafanyia hivyo."

Cheruto alitaka kumzuia. Alimwonea mumewe uchungu, mtu mzima kusimamishwa dukani na kuulizwa maswali asiyoyasikia. Aibu ile ilikuwa yake yeye, si ya Kimeli. Lakini Nerima alikwishafika nyuma yake, kiganja mdomoni. Cheruto mwenyewe ilibidi anyooshe shingo ndipo asikie.

"Boss, unaitwa nani?"

"Kimeli," akajibu, macho bado yakiwa kwenye gitaa.

Cheruto alishika ukingo wa kaunta.

Nerima akarudi nyuma kidogo, akashusha sauti. "Na unapiga wapi?"

"Kikopey."

"Masikio ziko sawa kabisa!" Nerima alimcheka Cheruto kwa macho. Alirudi nyuma tena mpaka ukuta ukamzuia, akanong'ona kwa sauti iliyokuwa karibu pumzi tupu. "Na huyu madam umekuja naye, ni nani yako?"

Kimeli aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu Desemba alimtazama mkewe usoni, bila hasira, kwa upole tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka ni wapi walipoonana.

"Ni mwalimu fulani," akasema. "Bwanake ni injinia huko Olkaria."