Bangili ya Hofu

Kifuniko cha birika kilipoanza kucheza kabla ya alfajiri, Bi Sikudhani alijua mjukuu wake Mwanahawa ameshaamka kudurusu. Masomo aliyajua vizuri. Kilichomfelisha ni woga, tangu Mwalimu Mbaruku alipomwita boga mbele ya darasa zima.

Siku hizi kila mtahiniwa humchagua mtu mzima wa kumbebea hofu yake kwa bangili: akiivaa, hofu yote humhamia, na aliyechaguliwa haruhusiwi kukataa.

"Bibi, wewe umeshanibebea mizigo mingine ya kutosha," alisema Mwanahawa. "Wa bangili nimemchagua Mwalimu Mbaruku."

"Vizuri, mama. Naye aonje."

Mtihani ulipoanza, Bi Sikudhani alimpelekea mwalimu uji nyumbani kwake, apate kujionea. Alimkuta amejikunyata chini ya meza, bangili mkononi, jasho likimtiririka.

"Ndivyo mjukuu wako anavyojisikia kila mtihani?"

"Kila mtihani. Kunywa, mwanangu, usije ukazimia kabla hajamaliza hesabu."

Alimnywesha taratibu, akimfuta midomo kwa upole, moyo wake umetulia kabisa.

"Zimebaki wiki mbili za mitihani," alimwambia, akainuka.

Mwalimu aliushika upindo wa kanga yake. "Mama, kesho uje tena. Nakuomba, uje."