Baba Aliyefutwa Makosa

Sheria ilikuwa wazi: mtu akishafutwa kumbukumbu za maovu yake hana hatia tena, na ni kosa kumkumbusha. Ndivyo Mzee Malimi alivyofika kwa bintiye Kabula na mkungu wa ndizi, akitabasamu. Aliketi, akampakata mjukuu wake, Nyamizi.

"Mwanangu, hilo kovu la shingoni umelipata wapi?"

Kabula alilipata kwa waya wa baba huyohuyo, akiwa na miaka minane. Uchungu ule aliunywea pombe ya gongo miaka kumi na mitano. Kuiacha kulimchukua miaka sita, akilia mbele ya wenzake wa kikundi cha wanaoacha pombe. Yeye hakufutwa chochote.

"Ulinipiga wewe, baba! Kwa waya! Nami nilikuwa mtoto."

Bangili aliyovishwa mzee siku ya kufutwa ililia. Kosa la Kabula lilikuwa limeripotiwa. Hakujali. Alimtoa Nyamizi mapajani mwa babu.

"Waje wanikamate," alisema kwa hasira. "Nimepona bila kusahau. Kwa nini wewe usamehewe bila kujua?"

Mzee hakuondoka. Aliitazama mikono yake kwa muda mrefu, kisha akauliza polepole:

"Na mama yako, je? Alikufaje?"